Saa ya Mwenye Namba

Hakuna friji iliyotengenezwa mtaa ule bila mwenyewe kusimuliwa kwamba fundi ana namba. Baba Mapacha alikuwa akiinama nyuma ya friji, anatoa tochi mdomoni, anasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu: "Unajua mimi ni mchezaji wa chesi? Mwenye namba." Mteja, ambaye haja yake ilikuwa maziwa yasiharibike, alisema hongera. Fundi alirudisha tochi mdomoni, kazi ikaendelea.

Namba yenyewe, kwa wanaojua mambo hayo, ilikuwa ya chini kiasi kwamba chini yake palibaki sakafu. Lakini ilikuwa yake. Aliipata ukubwani, upara umeshaanza kubisha hodi, baada ya mashindano mawili mazima ya kufungwa na watoto waliong'oka meno ya mbele. Utaratibu wa mashindano rasmi ni huo: unacheza na wenye namba, na ukiambulia hata sare moja, unaandikwa. Ukitoka na sifuri, ni kana kwamba hukufika. Mashindano ya tatu alitoa sare moja, akaandikwa, na wenzake wa karakana wakambatiza Mwenye Namba. Walimtania, yeye akapokea kama cheo.

Alijinunulia na saa ya mashindano, ile yenye vitufe viwili. Ukishacheza unabonyeza kitufe chako, muda wako unasimama na wa mwenzako unaanza kukimbia. Nyumbani saa hiyo ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa, na aliyetaka kuifuta vumbi aliomba ruhusa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Pamoja na namba yake, mtu pekee ambaye yeye aliweza kumfunga kila siku bila kukosa alikuwa mama mkwe wake. Alimfundisha mwenyewe, tangu bibi huyo alipohamia kwao na kupewa kitanda cha chini katika chumba cha mapacha waliokuwa shule ya bweni. Mkewe ndiye aliyetaka, eti mchezo huo unanoa akili. Na Bibi hakukataa. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mikono yake haikujua kukaa bure, na mkwe wake alihitaji mtu wa kumshinda kabla ya chakula.

*

"Wanangu," Bibi alisema siku moja mezani, sahani yake ikiwa safi kama iliyokwisha kuoshwa, "nataka funguo zangu."

Mama Mapacha aliweka kijiko chini. Alikuwa mpokeaji wagonjwa katika kliniki ya meno, na sauti ya kazini alirudi nayo nyumbani, sauti ya kaa pale, utaitwa.

"Mama, hilo tumeshalizungumza."

"Mlizungumza nyinyi. Mimi nilikuwa nasikiliza."

"Umebandika maji jikoni, umekwenda kukaa kwenye cherehani, maji yamekauka, sufuria imetoboka, pazia limeshika moto. Jirani asingepita leo tungekuwa tunasema mengine."

"Pazia lenyewe halikuwa zuri. Nilishona mimi, najua."

"Mama, usinichekeshe. Siku hizi hata dawa ya presha nakukumbusha mimi."

"Unanikumbusha kabla sijapata nafasi ya kusahau. Sasa nitajuaje kama ningekumbuka?"

Baba Mapacha aliinamia sahani yake kwa bidii. Alimpenda mama mkwe wake, na alimwogopa mkewe, na mambo hayo mawili siku zote hayakumpa tabu mpaka yalipokutana meza moja.

"Jumatatu mpangaji anakuja kuiona nyumba," Mama Mapacha alisema taratibu. "Ni mtu mzuri. Atalipa vizuri, na wewe utabaki hapa na sisi."

"Kuiona nyumba ya nani?"

Nyumba ya Bibi ilikuwa vyumba viwili na ukumbi, upande wa pili wa mji, na cherehani yake ilikuwa bado pale dirishani, imefunikwa shuka. Mama Mapacha hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na hofu, basi. Simu ya kliniki ilipolia asubuhi, kabla hajaipokea alikwisha kuona moshi.

Baba Mapacha aliona kimya kinarefuka, akafanya alilozoea kufanya kimya kinaporefuka, akaingiza habari za chesi. "Jumamosi na Jumapili tuna mashindano ukumbi wa shule," alisema. "Si mchezo. Watu wanadhani namba zinagawiwa njiani. Mtu akili yake ikiwa na kasoro hata kidogo, haipati. Waulize watakwambia."

Bibi aligeuza kichwa. "Kwa hiyo mwenye namba akili yake ni nzima?"

"Nzima kabisa, Mama."

"Na hilo linajulikana?"

"Kitaalamu!" alisema Mwenye Namba, akajipiga kifua.

"Basi niandikishe."

Mama Mapacha aliangua kicheko, cha kwanza tangu mwezi uanze. Alimtazama mama yake, akamtazama mumewe aliyefungwa na watoto mashindano mawili mfululizo kabla ya kuambulia sare, akapiga hesabu yake. "Sawa, Mama," alisema. "Ukiipata hiyo namba, nakurudishia funguo hapo hapo, na mpangaji namwambia asije. Na vyombo nakuoshea wiki nzima."

"Vyombo acha, unabakiza mafuta. Funguo zinatosha." Bibi alimgeukia mkwe wake. "Umesikia, baba?"

"Nimesikia, Mama," alisema Baba Mapacha, akasogeza sahani pembeni.

*

Ukumbini, kijana wa mezani aliyekuwa akipokea wachezaji alimwambia Bibi kwa adabu zote kwamba wazazi na walezi wanakaa kule nyuma. "Mjukuu wako ameshaingia?"

"Mjukuu yuko bweni," Bibi alisema. "Mimi ndiye ninayecheza."

Kijana alimwomba radhi mara tatu, akamwandika, akamtafutia kiti chenye mto. Bibi hakupenda kiti chenye mto. Kilimfanya aonekane mgonjwa.

Mchezo wa kwanza aliupoteza kwa sababu ya uzi. Mpinzani wake, karani mmoja mwembamba mwenye namba nzuri tu, alikuwa na kete zake zimepangwa barabara, ila juu ya kete yake moja, askofu, palikuwa na uzi mweupe umetua. Bibi hajawahi kupita karibu na uzi usio na kazi akauacha. Mkono ulikwenda wenyewe, ukauondoa.

"Umegusa," karani alisema.

"Nimemtoa uzi."

Mwamuzi aliitwa. Alieleza kwa upole kwamba kete ukiigusa bila kutoa taarifa, lazima uicheze, na ukigusa ya mwenzako, lazima uile kama unaweza kuila. Bibi aliweza, kwa malkia wake. Akala askofu, malkia akaliwa, na mengine yakafuata haraka. "Uzi ulikuwa wake lakini," alimwambia mwamuzi wakati wa kupeana mikono, na mwamuzi akakubali kwamba hilo ni kweli.

Mchezo wa pili alisahau kubonyeza saa. Alicheza vizuri, akakunja mikono, akasubiri jibu kama muungwana. Binti aliyekuwa upande wa pili, mwenye namba na vyuma vya kunyooshea meno, alijua wazi muda wa nani unakimbia, akatulia akinyonya peremende mpaka ukaisha. Kisha akampa Bibi peremende moja. Bibi aliipokea na kuitia kwenye mkoba, lakini uso ulimshuka. Kusahau! Mbele ya watu! Kule nyuma ya kamba, kwenye viti vya watazamaji, aliona binti yake ametazama pembeni, na hilo lilimuuma kuliko kama angecheka.

Jioni hiyo hakuna aliyetaja sufuria. Walikula wote wameinama, na Bibi akanywa dawa yake kabla ya kukumbushwa, na hakuna aliyesema kitu juu ya hilo pia.

Mchezo wa tatu, Jumapili asubuhi, alifungwa kihalali na mtoto mdogo ambaye miguu yake haikufika chini. Wa nne ndio uliomuuma Baba Mapacha, aliyekuwa akichungulia kutoka meza yake. Bibi alikuwa anashinda. Alikuwa anashinda kabisa. Mpinzani wake, mwanafunzi wa chuo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinyoosha mkono achezeshe kete nyingine hovyo, na Bibi, kabla hajajizuia, akasema, "Angalia, mwanangu, malkia wako yuko wazi." Mwanafunzi akashtuka, akashukuru kutoka moyoni, akamwondoa malkia, akamfunga Bibi.

"Mama, kwa nini umemwambia?" Baba Mapacha aliuliza wakiwa nje wakinywa soda.

"Alikuwa amechoka, maskini. Na hajala, unaona tu."

"Hawa si wateja, Mama!"

"Najua." Bibi alishika chupa yake kwa mikono miwili. "Najua, baba. Sasa umebaki mmoja."

Aliposema hivyo hakuwa anatania, na Baba Mapacha alimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa anaogopa. Si chesi. Alikuwa akiogopa kwamba labda binti yake ndiye aliye sahihi.

*

Ratiba ya mchezo wa mwisho ilibandikwa ukutani. Wachezaji walisukumana kutafuta majina yao. Baba Mapacha alilitafuta la kwake kuanzia juu, kwa heshima ya namba yake, akateremka, akateremka, mpaka meza ya mwisho. Alikuwa na alama moja, aliyopewa kwa sababu mpinzani wake wa pili alishikwa na tumbo asitokee. Na mbele ya jina lake liliandikwa jina la mama mkwe wake.

Alimkimbilia mwamuzi. "Hapa pana kosa. Huyu ni mama mkwe wangu."

"Wachezaji wote wa chini wameshakutana, mmebaki nyinyi wawili. Kompyuta ndiyo imepanga."

"Mwambie basi."

"Nimwambie nani?"

"Kompyuta! Mimi siwezi kumfunga mama mkwe wangu hadharani."

"Nyumbani unamfunga?"

Baba Mapacha alijikuna upara. Aliporudi, mkewe alimvuta hadi pembeni penye ndoo za kudekia.

"Nakujua," Mama Mapacha alisema kwa sauti ya chini. "Ole wako umwachie. Kwangu mimi huu si mchezo. Yule akirudi kule peke yake kwa sababu wewe una moyo laini, na siku moja pakawaka tena, utaniambia nini?"

"Sitamwachia."

"Apa."

"Nimesema sitamwachia."

Hatua mbili mbele, mama mkwe naye akamsimamisha. "Mkwe wangu, usije ukanionea huruma pale. Nikishinda niwe nimeshinda."

"Nimesikia, Mama."

Kwa hiyo alikwenda mezani amekatazwa na pande zote mbili. Na ukweli ni kwamba hata nafsi yake ilimkataza, maana Bibi akipata namba ataondoka, na akiondoka, Mwenye Namba atamfunga nani jioni? Alitoa saa yake kwenye kitambaa, akaitega kando ya ubao. Mchomeleaji wa karakana, aliyekuja Jumapili ile kushuhudia hicho cheo kwa macho yake, alijisogeza kwenye kamba na kukaa karibu na Mama Mapacha.

Walicheza. Bibi alicheza polepole kama kawaida yake, kiganja shavuni, na safari hii kila alipocheza alibonyeza saa kwa nguvu kama anayeua mbu. Baba Mapacha alicheza vizuri mno, na kadiri alivyocheza vizuri ndivyo alivyojisikia vibaya. Alikuwa amekwisha kumla ngome na farasi. Kila alipokula kete ya mama mkwe wake aliinama kidogo, kama anayeomba radhi, akaiweka pembeni taratibu isije ikalia.

Kisha akainua macho, akaona mkoba wa Bibi umefunguka juu ya meza. Ndani palikuwa na miwani, peremende ya yule binti, na kiungo cha plastiki cha kuning'inizia funguo za nyumba yake. Kitupu. Bibi bado alikuwa anatembea nacho.

Moyo wa Baba Mapacha ukayeyuka, ahadi ikayeyuka nao. Alimshika malkia wake, akampeleka katikati ya ubao, mahali ambapo hata kipofu angemla. Halafu akaona haya kwa alilofanya. Akainamisha kichwa, akatazama magoti yake kama mkwe anavyopaswa mbele ya mama mkwe, akaanza kuwaza: akimla nishtuke vipi? Nipige paji la uso? Nitamwambia nini mke wangu?

Aliwaza hayo yote kwa makini sana. Alichosahau ni kubonyeza saa.

Bibi alimwona malkia mara moja. Mwanzo alifurahi, kisha akaelewa. Hakuna mtu, hata mwenye namba ya sakafuni, anayemweka malkia pale kwa bahati mbaya. Ilikuwa sadaka. Shingo yake ikapata moto. Amemwomba asimwonee huruma, naye amemtupia malkia kama sarafu kwenye bakuli!

Ndipo alipoitazama saa. Muda uliokuwa unakimbia haukuwa wake.

Kama si yule malkia, angemwambia. Hilo Bibi alilijua, na sisi tunalijua, kwa maana mtu aliyemwambia mwanafunzi asiyemjua asingeshindwa kumwambia baba wa wajukuu zake. Mdomo ulikwisha kufunguka kabisa. Kisha akamtazama tena malkia, akaufunga. Akaweka kiganja shavuni, akatulia.

Baba Mapacha alichungulia mara moja kupitia nyusi, akaona kiganja shavuni. Mama anawaza, alijiambia, na mama mkwe hahimizwi. Akarudi kwenye magoti yake. Nyuma ya kamba, mkewe aliiona saa. Aliona tarakimu za mumewe zinashuka, aliona mumewe ameinama kama aliye kwenye maombi, na hakuruhusiwa kusema hata neno. Alikunja ngumi mpaka kucha zikamuuma. Mchomeleaji alimnong'oneza, "Shemeji, hiyo ndiyo mbinu yenyewe?"

Tarakimu zikafika sifuri. Bibi aliinua mkono, akaita kwa sauti safi iliyosikika ukumbi mzima. "Mwamuzi! Huyu baba muda wake umekwisha."

Baba Mapacha akaruka. Alitazama saa, akatazama malkia wake ambaye bado amesimama katikati ya ubao, hajaguswa na mtu. Mwamuzi alikuja, akainamia saa, akahakikisha, akaandika. Bibi ameshinda, alama moja, dhidi ya mchezaji mwenye namba.

*

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, Mama Mapacha hakungoja mtu avae koti.

"Umefanya makusudi."

"Mke wangu—"

"Nimekuona kwa macho yangu! Umeinama, umeacha muda ukaenda wote. Uliniapia."

"Sikuapa, nilisema tu—"

"Si umemwachia, Mwenye Namba?" mchomeleaji alidakia, akimfungulia mlango wa kuponea aibu. "Sema tu, kaka. Mama mkwe ni mama mkwe. Hakuna atakayekucheka karakana."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Baba Mapacha angesema neno moja tu, ndiyo, na Jumatatu angeingia karakana kama mkwe mwenye heshima, mwenye namba yake na hadhi yake. Bibi alikuwa amesimama ngazi ya chini, mkoba kifuani. Alikuwa anamtazama yeye tu.

"Malkia nilimwachia," Baba Mapacha alisema. "Hilo ni kweli, na ninaomba radhi kwenu nyote wawili. Lakini hakumtaka. Hakumgusa." Akaitazama saa mkononi mwake. "Saa nilisahau."

Mchomeleaji alianza kucheka kidogo kidogo.

"Umesahau vipi?" mkewe aliuliza. "Saa yako mwenyewe? Iko hapo mbele ya pua yako!"

"Nilikuwa nawaza jambo jingine."

"Jambo gani la kumfanya mtu mzima, mwenye akili zake—"

Hakumaliza. Alikuwa amejisikia mwenyewe anachosema.

"Mimi nilikuwa nawaza kola," Bibi alisema taratibu. "Siku ile ya sufuria. Kola ya shati la bwana harusi, ilikuwa inakataa kulala. Nilisahau, mwanangu. Sikatai, na nilipoona moto niliogopa kuliko wewe. Lakini mumeo kasahau leo, na sijasikia ukimtafutia mpangaji wa kitanda chake."

Mama Mapacha alijaribu kukasirika, akashindwa. Alianza kucheka, kicheko kikamgeukia kikawa machozi, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akafungua mkoba wake. Funguo zilikuwa humo muda wote, zimefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu hata yeye hakuwahi kuwa na uhakika. Alimwekea mama yake mkononi na hakuuachia mkono upesi.

"Utanipigia kila asubuhi?"

"Nitakupigia mpaka uchoke."

"Na jiko?"

"La jiko nimeshalifikiria." Bibi alichomeka funguo kwenye kiungo chake cha plastiki, akakitikisa asikie mlio. Kisha akamgeukia mkwe wake na kunyoosha mkono mwingine. "Ile saa yako inaweza kulia muda ukiisha?"

"Inaweza, Mama. Kuna kitufe chini. Ukumbini tunakizima, lakini—"

"Basi ilete. Nitaiweka jikoni pembeni ya sufuria." Akaipokea, akaifunga vizuri katika kitambaa chake, akaitia kwenye mkoba. "Wewe huitumii."